Nguvu ya Plastiki Iko Mpakani

Maji yakidondokea mfuniko wa ndoo hujikusanya yakawa matone, hayatandi. Sababu ni kwamba polithini na polipropilini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, isiyo na pa kushikwa na maji, gundi wala wino. Unyamavu huo wa kikemia huifanya ndoo idumu, lakini huwasumbua wanaotaka kuitia plastiki chembe za madini za kipimo cha nanomita ili iwe ngumu zaidi bila kuongezeka sana uzito. Mchanganyiko huo huitwa kompositi-nano, na wauzaji wake husifu zaidi udogo wa chembe. Udogo peke yake haufui dafu. Kinachoamua ni namna chembe ilivyofungamana na plastiki inayoizunguka.

Tazama montmoriloniti, madini ya udongo yenye matabaka ya unene wa nanomita 1 hivi. Hupenda maji, na polipropilini huyakataa. Vikikorogwa pamoja katika mashine ya kuyeyushia, udongo hubaki mafungumafungu, na kila fungu laweza kuwa chanzo cha ufa. Watafiti wa Toyota, Japani, walilikabili tatizo hilo kwa nailoni katika miaka ya 1980. Hawakuchanganya nailoni iliyo tayari. Waliikuza katikati ya matabaka, baada ya kuyatayarisha kwa asidi yenye amini, hivyo minyororo ikashikamana na udongo tangu kuzaliwa kwake. Kwa udongo usiofika asilimia 5 ya uzito, ukakamavu ulikaribia kuwa maradufu, na joto ambalo kwalo nailoni huanza kupinda chini ya mzigo likapanda kutoka nyuzi 65 hivi za Selsiasi hadi zaidi ya 140. Udongo uleule uliokorogwa tu hautoi matokeo hayo. Polipropilini nayo hupandikizwa anhidraidi ya maleiki, ambayo huupa mnyororo wake mahali pa kuukamata udongo. Na kama bidhaa imekwisha kupata umbo, mfano utando, mionzi ya gama au ya urujuanimno huuamsha uso wake, asidi ya akriliki ikaota hapo, kisha chembe za fedha za kuzuia bakteria zikapata pa kushika.

Mwenye kiwanda atauliza: kwa nini gharama hii ya kupandikiza, ikiwa cheche za umeme hutosha kuufanya utando upokee wino? Hutosha, ukichapwa mapema. Minyororo ya juu haitulii. Baada ya siku au wiki kadhaa sehemu zilizobadilishwa hujigeuzia ndani, na uso hurudia ukaidi wake. Mnyororo mrefu uliopandikizwa kwa kifungo cha kikemia hauzami kirahisi hivyo. Pingamizi zito zaidi ni jingine: peroksaidi inayoanzisha upandikizaji hukata minyororo ya polipropilini, kwa hiyo anayezidisha vishikio hudhoofisha plastiki aliyokusudia kuiimarisha. Hilo ni kweli, na ndiyo maana kiasi kinachopandikizwa kwa kawaida hakizidi asilimia chache, na polipropilini hiyo hutiwa kidogo tu ndani ya ile ya kawaida, ikakaa mpakani kati yake na udongo huku minyororo mizima ikibeba mzigo.