Grenda ya Laki Moja, Mawe ya Milioni

Mnunuzi wa Genkuru anayetafuta grenda ana pa kwenda. Nyamongo kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, jirani na mgodi wa North Mara. Tarime mjini yapo mengi zaidi, Sirari mpakani bidhaa za Kenya na za Tanzania zinakaa rafu moja, na aliye karibu na upande wa Serengeti hufika Mugumu. Kote huko swali la kwanza dukani ni bei ya mashine. Nasema kwa dhati kabisa kwamba swali hilo, likiulizwa peke yake, ndilo linalowatia hasara mafundi wetu, na wengine limewatoa vidole na macho.

Tufanye hesabu. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Weka zako mahali pake. Fundi wa kuchomelea mageti na grili anafanya kazi siku 300 kwa mwaka, anamaliza mawe mawili ya kukatia kwa siku, na jiwe moja ni shilingi 2,000. Mawe peke yake yamekula 1,200,000. Grenda yake ndogo, ya inchi nne na nusu na wati 850, inazunguka kwa jumla ya saa moja na nusu kwa siku, sawa na uniti moja na robo hivi. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti tangu agizo la EWURA la mwaka 2016, ukijumlisha VAT na tozo unapata kama 356. Umeme wa mwaka mzima haufiki 140,000. Mashine yenyewe aliinunua laki moja.

Kwa hiyo fundi huyu alibishana na muuzaji nusu saa nzima ili apunguziwe shilingi 10,000 kwenye mashine, kisha akachukua mawe bila kuyatazama. Kumbe jiwe la shilingi 3,000 linalokata mara mbili zaidi ya lile la 2,000 lingemrudishia 300,000 kwa mwaka, bei ya grenda tatu kama hiyo. Kupima ni rahisi: chukua bomba moja la mraba, kata kwa jiwe la aina ya kwanza huku unahesabu mikato mpaka liishe nusu, kisha fanya vivyo hivyo kwa aina ya pili. Gawanya bei kwa mikato. Mawe membamba ya milimita moja hadi 1.2 mara nyingi hushinda yale ya milimita 3 kwenye bomba jepesi, kwa sababu yanakula chuma kidogo na mota haichoki. Udhaifu wake ni kwamba hayavumilii kupindwa: mkono ukiyumba katikati ya mkato, jiwe linapasuka.

Soma jiwe kabla ya kulipa

Wachache wanajua kwamba mawe ya grenda yana tarehe ya mwisho wa matumizi. Itafute kwenye pete ya chuma iliyo katikati, mwezi na mwaka, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa. Gundi inayoshika chembe za jiwe hulegea taratibu, na unyevu huiharakisha. Boksi lililokaa sakafuni kwenye banda linalovuja mvua ya masika si la kununua hata likiuzwa nusu bei. Jiwe lenye ufa au lililomeguka ukingoni litupwe siku hiyohiyo.

Namba nyingine kwenye jiwe ni kasi, na hapa naomba msomaji atulie. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Jiwe la inchi nne na nusu limeandikwa takriban 13,300, kwa hiyo lina akiba. Jiwe la inchi saba limeandikwa 8,500 na la inchi tisa 6,650, kwa sababu yote matatu yametengenezwa ili ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde. Fundi anayeng'oa kava ili jiwe la inchi tisa liingie kwenye grenda ndogo, akate bomba nene bila kununua mashine kubwa, anaupeleka ukingo huo zaidi ya mita 130 kwa sekunde, yaani kilomita 470 na ushei kwa saa. Likipasuka, vipande vinaruka kwa kasi hiyo, na kava iliyokusudiwa kuvizuia imelala chini ya meza. Grenda kubwa ni ya kukodi. Kama unaihitaji siku chache kwa mwaka, gawanya bei ya kuinunua kwa kodi ya siku moja uone ni siku ngapi zitapita kabla ya kununua kuanza kulipa. Kwa mafundi wengi wa kijijini siku hizo hazifiki.

Maseremala nao wana yao: kufunga msumeno wa meno kwenye grenda ili kupasulia mbao. Sababu ni bei, kwani msumeno wa mviringo wa umeme unazidi grenda kwa mbali. Lakini msumeno huo, wa wati 1,400 hivi, huzunguka karibu mara 5,000 kwa dakika, una kava inayojifunga yenyewe ukitoka kwenye ubao, na una bamba la kuegemea. Grenda haina hata kimoja katika hivyo, na inakwenda kwa kasi zaidi ya mara mbili. Jino likinasa kwenye fundo la mti, mashine inarukia kifua au paja. Kwenye hili sina ushauri wa kati na kati. Kama pesa ya msumeno haijatosha, tumia msumeno wa mkono mpaka itoshe.

Ghali au rahisi?

Rudi sasa kwenye mashine. Ingco na Total ziko kwenye maduka mengi. Bosch, Makita na DeWalt zinauzwa mara mbili au tatu ya bei hizo, na zinaghushiwa. Mwenye nyumba anayekata nondo mara moja moja hana sababu ya kulipa laki tatu. Mashine ya bei nafuu, ikiwa na kava na mpini wa pembeni, itamfaa miaka mingi, mradi anunue mawe mazuri.

Mwenye karakana ni habari nyingine, na sababu yangu ni umeme wetu. Swichi za grenda nyingi za bei ya chini zinasukumwa mbele na kujifunga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi anaiweka chini mashine na kwenda kunywa chai akisahau swichi. Umeme ukirudi, grenda inawaka yenyewe juu ya meza, inaruka, inatafuta mguu wa mtoto. Baadhi ya mashine za bei ya juu zina ulinzi wa kuzuia kuwaka upya mpaka swichi izimwe na kuwashwa tena. Nyingine zina swichi ya kubana: ukiiachia, inazima. Mahali ambapo umeme hukatika, hicho ndicho kitu pekee ambacho ningekilipia nyongeza bila kusita, kabla ya rangi, jina au wati nyingi. Uliza dukani kwa maneno hayohayo: umeme ukikatika ukarudi, inawaka yenyewe?

Usinunue kwa jina bila kuuliza vipuri. Kaboni, vile vijiti viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huisha kwa kawaida yake. Zikifupika kufikia milimita 5 au 6, zibadilishe zote mbili. Ni vitu vya bei ndogo. Ukiziacha ziishe kabisa, cheche huila amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, na bei ya amecha pamoja na kazi ya fundi wa mota inaweza kukaribia ya mashine mpya ya bei nafuu. Jozi ya akiba inunuliwe siku ileile ya kununua mashine, maana baada ya mwaka modeli hubadilika. Kila jioni chomoa plagi, puliza vumbi la chuma kwenye matundu ya hewa, kagua waya unapoingia kwenye mwili wa mashine, hapo ndipo unapokatikia. Waya uliochubuka usifungwe gundi ya nailoni. Ukatwe, ufungwe upya.

Waya, plagi na mafuta

Mashine nyingi zinafika na plagi ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kila mtu ameona kijiti cha kiberiti kikichomekwa kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Inashika kwa kulegea, inapata moto, na siku moja kinachochomekwa kitakuwa msumari. Plagi ya miguu mitatu ni bei ya soda mbili tatu. Fyuzi yake iwe ya ampia 5 kwa grenda ya wati 850, 13 kwa mashine kubwa. Alama ya mraba ndani ya mraba kwenye lebo inaonyesha kwamba mashine ina kinga mbili za ndani na haihitaji waya wa ethi. Isiyo na alama hiyo lazima iwe nao.

Ekstensheni inadanganya wengi. Mashine ya wati 2,000 kwenye waya wa mita 50 wa unene wa 0.75 inapoteza zaidi ya volti 20 njiani. Kwenye waya wa 2.5 inapoteza 6 tu. Nyumba nyingi vijijini ziliungwa kwa shilingi 27,000 za mradi wa REA na nyaya za ndani zikapangwa kwa ajili ya taa na redio, na jioni volti zenyewe zimeshashuka. Mota inapungukiwa kasi, feni yake haipozi, fundi anakandamiza zaidi, koili zinaungua, kisha lawama inaenda kwa Mchina. Waya wa kwenye kibiringo uukunjue wote kabla ya kazi nzito, la sivyo unajipika wenyewe.

Jenereta? Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, na jenereta ndogo ikila kati ya nusu lita na lita nzima kwa uniti, unalipa mara nne hadi nane ya bei ya TANESCO. Itumie pale pasipo na nguzo, nje ya nyumba, kamwe si chumbani.

Mashine za betri zinavutia, na kwa drili ya kupaulia mabati nazipendekeza kwa moyo mmoja: juu ya paa hakuna waya wa kumkwaza mtu. Ila usilipe zaidi kwa sababu boksi limeandikwa volti 20 na jingine 18, kwani betri ni ileile: seli tano, volti 20 ikiwa imejaa, 18 kazini. Ya ampia-saa 4 inabeba wati-saa 72, na grenda inayokula wati 850 inaimaliza kwa dakika tano hivi. Kwa karakana ya mageti, waya bado unashinda.

Kinachobaki kwenye bajeti ni mwili wa fundi mwenyewe. Miwani ya jua si kinga. Tafuta iliyoandikwa EN 166, inayofunika na pembeni. Chembe ya chuma ikitua kwenye jicho huanza kutia kutu ndani ya saa chache. Kuitoa kwa njiti au ncha ya khanga kunaisukuma ndani zaidi. Nenda hospitali Tarime siku hiyohiyo, kabla safari haijawa ya Bugando, Mwanza, yenye nauli, malazi na siku bila kazi. Kelele ya grenda hufika desibeli 100, ambayo sikio huivumilia kwa usalama kama robo saa tu kwa siku, na vizibo vya masikio havifiki bei ya jiwe moja.

Ukishachagua, mwombe mwenye duka aichomeke. Iache izunguke dakika mbili bila jiwe. Cheche ndogo za bluu kwenye kaboni ni za kawaida. Duara la moto linalozunguka, harufu ya kuungua au mtikisiko mkononi si vya kawaida, irudishe. Tazama alama ya TBS, kagua kama kava, mpini na ufunguo vimo ndani ya boksi, kisha dai risiti ya EFD yenye jina la modeli na namba ya mashine. Bila hiyo risiti, waranti iliyochapishwa kwenye boksi huna pa kuidaia, na hata Tume ya Ushindani (FCC), inayoshughulikia bidhaa bandia, itakuuliza uthibitisho wa mahali uliponunua.