Je, wajua? Uwanja wa vita wa mezani

Je, wajua kwamba H.G. Wells, mwandishi Mwingereza aliyetunga hadithi ya mashine ya kusafiri katika wakati, aliwahi pia kutunga kanuni ya kuugawa wakati wenyewe ili watu wazima wapate kucheza na askari wa kuchezea sakafuni? Kitabu chake *Little Wars* kilitoka mwaka 1913. Ndani yake kila mchezaji hupewa muda maalumu wa kusogeza jeshi lake: dakika moja kwa kila askari 30 au sehemu ya 30, na dakika moja zaidi kwa kila mzinga. Mwenye askari 110 na mizinga mitatu ana dakika saba. Mtu wa tatu hushika saa, na muda ukiisha, askari ambaye hajasogezwa hubaki pale pale.

Wells alikuwa na watoto wa kiume wawili, vitabu vya kuandika na wageni wa kupokea. Mchezo usiokuwa na mpaka ungemmalizia siku nzima. Wapenzi wa mchezo huu leo wanafanya hesabu hiyo hiyo, na ukichunguza jinsi uwanja wa mezani unavyojengwa utaona kuwa karibu kila ufundi uliobuniwa katika miaka 200 iliyopita umelenga kuokoa muda.

Mchezo wenyewe unaeleweka haraka. Sanamu ndogo za askari, zilizopakwa rangi moja moja, husimamishwa juu ya ardhi ya mfano yenye vilima, mito, vichaka na nyumba. Wachezaji husogeza vikosi kwa zamu. Wells alipima mwendo kwa vipande vya uzi: askari wa miguu futi moja, mpanda farasi futi mbili. Siku hizi hutumika rula au utepe wa kupimia, na dadu huamua nani amepigwa. Wells yeye alitumia mizinga midogo ya springi iliyorusha kijiti cha mbao, na askari aliyeangushwa ndiye aliyekufa. Ardhi yake aliijenga kwa vipande vya mbao na matofali ya watoto. Mito aliichora kwa chaki, na miti ilikuwa vitawi kutoka bustanini. Kwenye mchezo wa bao, shimo ni shimo, na kete zote zinalingana. Hapa mahali penyewe ndipo penye nguvu: kilima kinaamua nani anamwona nani, na ukuta wa mawe unaweza kuokoa kikosi kizima. Ndiyo maana wengi huipenda kazi ya kujenga ardhi kuliko vita vyenyewe, na nadhani hawajakosea.

Kuna tatizo la vipimo ambalo kila mjenzi hukutana nalo siku ya kwanza. Sanamu nyingi za sasa zina milimita 28 kutoka wayo hadi macho, kama sehemu moja ya 56 ya mtu halisi. Sasa chukua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka Uhindi lilipoteremka upande wa Ras Kasone na kusonga kuelekea mjini kupitia mashamba, likakutana na askari wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, na makundi ya nyuki waliokasirishwa. Mwendo wa kilomita mbili tu, ukiugawa kwa 56, unakuwa zaidi ya mita 35. Bunduki inayofika mita 500 ingehitaji meza ya karibu mita tisa. Meza ya kawaida ya mchezo ina urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2.

Kwa hiyo mjenzi hutumia vipimo viwili kwa pamoja, kimoja cha watu na kingine cha ardhi. Nyumba tatu husimama badala ya mtaa mzima. Mwembe wa mita 20, ambao kwa kipimo cha sanamu ungekuwa na sentimita 36, hupunguzwa mpaka sentimita 15 hivi ili mkono upate kupita juu yake. Mlango wa nyumba hupanuliwa, kwa sababu askari wa mezani amesimama juu ya kitako cha duara kilicho kipana kuliko mabega yake. Wakati nao hubanwa: zamu moja huweza kuhesabiwa kuwa dakika tano za vita, au nusu saa, kwa kutegemea kanuni. Jicho la mtazamaji hulikubali hilo bila shida, mradi vitu vilivyo karibu karibu vilingane vyenyewe kwa vyenyewe.

Mfano mkubwa wa ujanja huo uko London, katika jumba la makumbusho la jeshi, National Army Museum. Ni mfano wa uwanja wa vita wa Waterloo uliotengenezwa na ofisa wa Uingereza, William Siborne. Ardhi yake ni sehemu moja ya 600, lakini askari wake wapatao 70,000 ni sehemu moja ya 180, kwa sababu kwa kipimo cha ardhi wangekuwa wadogo kama punje. Siborne alianza kazi mwaka 1830. Alikaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja ule, akipima kila mteremko na kila ua. Aliwaandikia maofisa waliopigana akiwauliza vikosi vyao vilikuwa wapi na shambani mlikuwa na mazao gani siku ile. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838. Miaka minane ya kazi kwa ajili ya kuonyesha wakati mmoja tu, kama saa moja jioni ya tarehe 18 Juni 1815. Serikali iliacha kumlipia gharama katikati ya safari, na kazi ile ikamwachia madeni. Namheshimu sana Siborne, ila njia yake ni ya mtu aliyeamua kuutoa wakati wote alionao.

Njia nyingine ilikuwa imeshapatikana katika ufalme wa Prussia kabla yake. Tayari mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu wa hesabu huko Brunswick, alikuwa ameunda mchezo wa vita wenye miraba 1,617, rangi ya kila mraba ikionyesha aina ya ardhi. Mtaalamu wa Prussia aliyeitwa Georg Leopold von Reisswitz aliona miraba inawafunga askari, kwa kuwa jeshi la kweli haliruki kutoka mraba hadi mraba. Mwaka 1811 aliwaonyesha wana wa mfalme mchezo wake kwa ardhi iliyofinyangwa kwa mchanga. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu aliposikia na kutaka kuona, Reisswitz aliona mchanga haufai kuwekwa mbele ya mfalme, akaomba muda. Kazi ikaisha mwaka 1812.

Alicholeta kilikuwa meza kubwa ya mbao yenye droo. Ndani ya droo mlikuwa na vigae vya miraba vilivyochongwa kwa mwinuko na kupakwa rangi: hiki kina bonde, kile kina kipande cha mto, kingine kina njia panda au kijiji. Vigae vilipangwa upya kila mara, na kila mpango ukawa nchi mpya. Meza ile ipo hadi leo Berlin, katika kasri la Charlottenburg. Faida yake ni kubwa kuliko uzuri wake. Kigae kimoja kikishatengenezwa kinatumika katika vita mia, na mchezo ukiisha kila kitu hurudi kwenye droo, meza ikabaki meza. Anayejenga leo kwa mbao za sentimita 30 kwa 30 kwenye nyumba ya vyumba viwili anafuata wazo lile lile.

Mwanawe Reisswitz alihamishia mchezo kwenye ramani za karatasi, akaongeza dadu na mwamuzi, na mwaka 1824 mnadhimu mkuu wa jeshi la Prussia, von Müffling, akaupendekeza kwa jeshi lote. Ukawa somo. Katika Vita Kuu ya Pili, jijini Liverpool, kikosi kilichoongozwa na Gilbert Roberts kilichora bahari kwenye sakafu ya chumba, kikapanga meli ndogo za mfano, na kuwafundisha manahodha namna ya kuwinda nyambizi za Ujerumani. Wanawake vijana wa jeshi la majini ndio waliosogeza meli na kuchora njia zake kwa chaki. Wanafunzi walichungulia kupitia matundu katika mapazia ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona baharini. Njia za nyambizi zilichorwa kwa rangi ambayo kutoka kwenye tundu haikuonekana vizuri.

Turudi kwenye meza ya nyumbani na gundi yake.

Ardhi nyingi za mfano leo hujengwa kwa povu gumu la polistireni, lile la mbao za kuzuia joto majumbani. Lile jeupe linalofungiwa televisheni mpya hufaa pia, ingawa humomonyoka punje punje. Polistireni hulainika joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme huikata kama siagi na kuacha mteremko laini. Moshi wake si wa kuvuta, kwa hiyo madirisha huwa wazi. Povu hilo huyeyushwa na petroli, asetoni, na vimiminika vilivyomo katika rangi nyingi za kupuliza. Mjenzi anayejua hulipaka kwanza rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala, na ganda hilo huwa ngao.

Gundi ile nyeupe ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea katika maji. Maji yakitoka, chembe husogeleana, hubanana na kuungana kuwa utando mmoja. Ukitaka kuubandika mchanga juu ya kilima, unaizimua gundi kwa maji na kuongeza tone la sabuni ya vyombo. Sabuni hupunguza mvutano wa juu ya maji, na gundi hupenya kati ya punje badala ya kusimama kama matone. Halafu unasubiri. Mahali penye unyevu mwingi hewani, kama pwani wakati wa masika, kusubiri huko kunaweza kupita usiku mmoja.

Nalisisitiza jambo hili kwa wale wanaosema hawana nafasi. Saa nyingi zinazoandikwa kwenye kilima kimoja ni saa za kukauka. Mikono yenyewe hufanya kazi kwa vipindi vifupi: leo dakika 20 za kukata, kesho dakika 10 za kumwaga mchanga, keshokutwa rangi ya kahawia. Unaondoka, unakwenda kazini, unapika, unalala, na kazi inaendelea bila wewe. Mwenye robo saa kila jioni humaliza kijiji kabla ya yule anayengoja Jumamosi nzima iliyo tupu, kwa sababu Jumamosi hiyo nayo ingetumika kutazama gundi ikikauka.

Rangi nayo ina njia yake ya haraka. Kitu kidogo chini ya taa ya chumbani hakitoi vivuli vizito kama mlima ulio juani, kwa hiyo mpakaji huvipaka. Kwanza hutandaza rangi ya giza iingie kwenye mianya yote. Kisha huchukua brashi iliyofutwa hadi ikakaribia kukauka, akaipitisha juu juu: rangi hafifu hushika ncha za mawe tu, na jicho huamini kuwa jua limepiga hapo. Mwamba mzima humalizika kwa dakika chache. Majani yalitengenezwa tangu zamani kwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Siku hizi kuna nyuzi za nailoni za milimita mbili hadi sita, zinazomwagwa kupitia kifaa chenye umeme wa volti maelfu na mkondo mdogo sana. Nguvu hiyo ya umeme huzipanga nyuzi sambamba na mwelekeo wake, nazo hutua kwenye gundi mbichi zikiwa zimesimama wima.

Mbali na muda, mchezo huu unataka nafasi. Mwandishi Robert Louis Stevenson, alipokuwa Davos huko Uswisi kwa ajili ya mapafu yake katika majira ya baridi ya 1881 hadi 1882, alipata darini nafasi ambayo hakuna aliyeihitaji. Yeye na mwanawe wa kambo, Lloyd Osbourne, walichora nchi nzima sakafuni kwa chaki za rangi, na vita vyao viliendelea kwa majuma. Mahali pasipobomolewa kila usiku ni utajiri mkubwa kwa mchezo huu. Wala kazi ya kila siku si kizuizi: Donald Featherstone, ambaye kitabu chake *War Games* cha mwaka 1962 kiliwavuta wengi, alikuwa na kazi yake ya tiba ya viungo huko Southampton, na bado aliandika vitabu vingi juu ya sanamu na kanuni.

Asiyekuwa na dari ana njia nyingine. Wapo wanaocheza peke yao, wakiongoza pande zote mbili kwa uaminifu, zamu moja kila usiku, wakipiga picha ya meza kwa simu ili kila kikosi kirudishwe mahali pake kesho. Wapo pia waliopunguza vita yenyewe: sanamu kumi kila upande, ubao wa sentimita 60 kwa 60, nyumba moja, kisima na ukuta uliobomoka. Mchezo kama huo ukianza baada ya chakula cha jioni, wote wawili watakuwa wamemaliza na kuosha vikombe ndani ya saa moja.