Duara tupu lisikuhadae

Ukisoma gazetini kwamba mzizi fulani umeua bakteria maabarani, uliza kwanza: kwa kiasi gani? Siki nayo huwaua.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mzizi huoshwa, hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa katika maji au ethanoli. Mchanganyiko huo huchujwa, kisha kiyeyushi huvukizwa. Kinachobaki ni dondoo. Bakteria hupakwa juu ya agari, rojo lililoganda la kuwaoteshea, kwenye sahani, na kidiski cha karatasi cha milimita 6 kilichotiwa dondoo huwekwa hapo. Sahani hulala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Asubuhi, dondoo likiwa limefanya kazi, kidiski kinakuwa kimezungukwa na duara tupu ambamo hakuna kilichoota. Jirani yake huwa kuna kidiski cha antibiotiki inayojulikana, na kingine chenye kiyeyushi peke yake. Hicho cha mwisho kikikosekana, matokeo hayana maana kwangu: nitajuaje kama ethanoli siyo iliyoua?

Hata hivyo, duara hudanganya. Molekuli kubwa hupenya agari polepole, kwa hiyo dawa kali yaweza kuacha duara dogo. Mti wa mswaki, Salvadora persica, ulifichua jambo jingine. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walining'iniza vipande vyake juu ya agari pasipo kuigusa, na bado bakteria wa kinywani wakazuiwa. Kilichowazuia kilipita hewani! Mwaka 2011 kundi hilo lilikitaja: benzili isothiosayaneti, ndugu wa kile kinachofanya haradali iwashe puani. Kilikuwa kikali hasa kwa bakteria wa Gram-hasi, wale ambao utando wao wa nje huwakinga na dawa nyingi. Sasa fikiria mzizi kama huo ukikaushwa na dondoo lake kuvukizwa kwa joto: chenye nguvu kinaweza kupeperuka kabla kipimo hakijaanza.

Ndiyo maana duara ni hatua ya kuchuja tu. Baadaye dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu katika bamba lenye visima 96, hadi kupata kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota. Dondoo ghafi linalozuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita hutia moyo. Linalohitaji miligramu kadhaa mimi silipi uzito, kwa sababu kiasi hicho ni vigumu mno kukifikisha katika damu. Tena lazima lijaribiwe kwenye seli za binadamu. Sumu inayoua kila kitu nayo huchora duara zuri.

Mswaki una bahati: utomvu wake unawagusa bakteria palepale kwenye meno. Mzizi unaochemshwa kwa ajili ya homa ya matumbo una safari ndefu zaidi, kupitia tumbo, utumbo na ini, na safari hiyo haimo ndani ya sahani.