Kamio katika utelezi

Wanafunzi, nani kati yenu amepata kuona theluji? Hapa Kinsevere haianguki. Baridi ya Juni na Julai tunaijua, hata wengine huota moto kabla ya kuja masomoni, lakini hatujaona mbingu zikimwaga kitu cheupe kama unga. Kongo yetu ina theluji, ila ni mbali: iko juu ya mlima Ruwenzori, mpakani mwa Uganda, ambao kilele chake kirefu kina meta 5,109. Huko hakuna kamio ifikayo.

Katika Ulaya na Kanada theluji huanguka mpaka barabarani, na kamio zichukuazo mkate, maziwa na dawa hazina budi kwenda. Mashofere wa huko huiogopa kama mashofere wetu wanavyoiogopa potopoto. Sababu ni moja.

Gurudumu haliendi kwa nguvu ya mashini peke yake. Linakwenda kwa sababu mpira wake unaishika ardhi. Kimbia penye udongo mkavu, kisha kimbia mahali palipomwagika maji ya sabuni. Miguu ni ile ile, nguvu ni zile zile, lakini mara ya pili utaanguka, maana mguu haukupata pa kushika. Theluji iliyoshindiliwa na magari ni kama sabuni hiyo, na udongo wetu mwekundu ukilowa ni vivyo hivyo. Tena siku ya hatari si lazima iwe siku ya mvua kubwa. Mvua ya kwanza, ya Oktoba au Novemba, hukuta vumbi la miezi mingi, huligeuza kuwa uji mwembamba juu ya barabara ngumu, na shofere aliyezoea kiangazi hashtuki mapema.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kamio iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Shofere akiona mbuzi njiani, kabla mguu wake haujafika kwenye breki, sekunde moja imekwisha, na meta 17 zimepita. Hapo ndipo breki zaanza kazi. Penye utelezi, umbali wa kusimama waweza kuwa mara tatu ya ule wa barabara kavu, au kupita. Na fahamuni jambo hili, ambalo hata watu wazima wengi hawalijui: mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki hauwi mara mbili, huwa mara nne. Ikiwa aendaye kilometa 30 kwa saa ahitaji meta 15 za breki, aendaye 60 mahali pale pale ahitaji meta 60. Pimeni meta 60 kwa hatua zenu uwanjani, mtaona.

Kwa hiyo shofere mwenye akili hupunguza mwendo kabla ya utelezi, wala si ndani yake. Akifika juu ya mteremko huingiza gia ndogo, ili mashini yenyewe iizuie kamio. Huiachia nafasi kubwa gari lililo mbele. Breki huikanyaga polepole. Akiikanyaga kwa ghafula magurudumu hufungwa, na gurudumu lisilozunguka halifuati usukani: waweza kuuzungusha upendavyo, gari litateleza moja kwa moja. Kamio nyingi za siku hizi zina chombo kinachoilegeza na kuikaza breki upesi upesi ili magurudumu yasifungwe. Ni chombo chema, lakini hakiwezi kuiongezea ardhi mshiko isiokuwa nao. Na sehemu ya nyuma ikianza kuteleza upande wa kuume, shofere huinua miguu na kugeuza usukani taratibu upande huo huo wa kuume, mpaka kamio inyoke.

Katika nchi za theluji watu humwaga chumvi barabarani! Msicheke. Chumvi huiyeyusha barafu, maana maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Ila baridi ikizidi sana, hata chumvi haifai. Mashofere wengine hufunga minyororo kuzunguka magurudumu ili yaume barafu. Kwetu chumvi ni ya mboga, nayo potopoto haiogopi chumvi. Mashofere wengine wa kwetu hutundika medali ya Mtakatifu Christophe, mwombezi wa wasafiri, mbele ya usukani. Ni vizuri, lakini Mtakatifu huyo hatamkanyagia mtu breki.

Ninyi mnaoishi karibu na mgodi mnaona kamio nyingi kila siku. Migodi ya Katanga huhitaji asidi ili kuitoa shaba katika mawe, nayo huletwa kwa kamio. Mwezi wa Februari 2019, katika jimbo la Lualaba, karibu na Tenke, kamio ya asidi iligongana na basi. Watu zaidi ya 15 walikufa, wengi kwa kuunguzwa na asidi yenyewe. Basi mkiona kamio ya tangi imeanguka, msiisogelee hata kama haitoi moshi, wala msikanyage maji yaliyomwagika.

Na njiani siku ya mvua, msidhani kwamba shofere akiwaona ataweza kusimama. Pengine amewaona, naye amekwisha kukanyaga breki, na kamio yaja bado. Tokeni barabarani kabisa, mkae upande wa juu, si upande wa mfereji, kwa kuwa gari liteleza­lo huelekea bondeni.

Kamio ikikwama, shofere asizungushe magurudumu kwa nguvu, maana yatachimba shimo na kuzama zaidi. Afadhali achimbe mbele ya magurudumu kwa jembe, atie matawi na mawe, kisha atoke polepole kwa gia ndogo. Mkitaka kumsaidia, mleteeni matawi, kisha mwende kando, wala msisimame nyuma ya kamio: jiwe lililobanwa na gurudumu huruka kwa nguvu.