Kanda na Diski

Kompyuta hufanya kazi ya makarani wengi, lakini huweza kufa ghafula, na yote iliyoandikiwa yakapotea. Kwa sababu hiyo watu wenye busara huweka nakala ya akiba mahali pengine, ama katika diski ama katika kanda. Na vyombo hivi viwili havifanani tabia.

Diski ni sahani ngumu iliyopakwa madini ya sumaku. Huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja, na kichwa cha kusomea hupita juu yake pasipo kuigusa. Habari yoyote itakiwayo hupatikana mara moja, kama mwenye santuri awezavyo kuiweka sindano penye sauti aitakayo. Kanda ni utepe mwembamba, upana wake nusu inchi, uliozungushwa ndani ya kasha. Utepe wa namna moja iliyotolewa mwaka 2017 una urefu wa meta 960; atakaye habari iliyo mwisho wake hana budi kungoja uvutwe. Lakini kasha hilo, litoshalo kiganjani, hupokea terabaiti 12, yaani baiti milioni milioni mara kumi na mbili. Kilicho ghali ni mashine ya kulisomea.

Chukua mfano wa mpiga picha wa Jang'ombe, huko Ng'ambo ya mji wa Unguja. Picha za arusi hazipigwi mara ya pili. Tena umeme wa kisiwa hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 njia hiyo iliharibika, mji ukakaa gizani karibu mwezi mzima; ikaharibika tena Desemba 2009, na umeme haukurudi mpaka mwaka 2010. Diski iliyo katika kuandika, umeme ukikatika ghafula, huweza kudhurika. Kanda iliyo kabatini haina habari na hayo. Adui zake ni joto na unyevu, na hewa ya Unguja wakati wa masika huotesha ukungu upesi. Ikiwekwa pakavu penye ubaridi, yaweza kudumu miaka 30.

Iko hatari nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Mwezi wa Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua za baadhi ya watu waliotumia Gmail ya kampuni ya Google, pamoja na nakala zake zilizokuwa katika diski za mahali mbalimbali. Barua hizo zilirudishwa kutoka kanda, kwa kuwa kanda hazikuwa zimeunganishwa na kompyuta, na kosa halikuzifikia.

Basi benki au nyumba ya kumbukumbu yafaa inunue mashine ya kanda. Mpiga picha hana haja ya gharama hiyo. Diski mbili zamtosha, mradi moja ichomolewe kila akiisha kunakili, ikalale kwa jamaa yake katika mtaa mwingine. Na mara kwa mara afungue picha chache kutoka diski hiyo, aone kama zatazamika.