Rupia za Mjerumani: Piga hesabu kabla ya kununua detekta

Neno 'hela' tunalolitaja kila siku gulioni lina asili yake katika sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Sarafu hiyo ilianza kutolewa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, ambapo hela 100 zilifanya rupia moja. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, baadhi ya sarafu hizo bado zimelala ardhini Bukoba na Muleba. Kwa kuwa siku hizi mashine ndogo za kutambua metali, maarufu kama detekta, zinaweza kuagizwa hata kwa simu ya mkononi, mkulima au mfanyabiashara mdogo anaweza kushawishika kuona huo ni mradi. Swali la kujiuliza ni moja: je, mradi huo unalipa?

Sarafu zilifikaje?

Wahaya walikuwa na fedha yao kabla ya Mjerumani, nayo ni simbi, yaani kauri. Hizo detekta haizioni kwa sababu si metali. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na misheni ya Kashozi ikafuata mwaka 1892. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza katika koloni, na biashara ya kahawa ikazidi kuingiza rupia mikononi mwa wakulima.

Juni 22 na 23, 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakauteka mji wa Bukoba, wakaharibu kituo cha simu ya upepo, wakapora na kuondoka. Walirudi mwaka 1916 na kubaki. Baadaye zikaja florini ya mwaka 1920 na shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921. Kwa hiyo sarafu zinaweza kupatikana palipokuwa na magulio, bandari za mitumbwi, njia za zamani na vituo vya kununulia kahawa.

Tatizo ni takataka

Mahali palipopita watu wengi ndipo penye sarafu, lakini ndipo penye takataka nyingi pia: misumari, nyembe, vipande vya mabati na vizibo vya soda. Huku kwetu kuna tatizo la ziada. Wahunzi wa Buhaya waliyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, kama utafiti wa Profesa Peter Schmidt kule Katuruka ulivyoonyesha. Mabaki ya tanuri zao, yaani mavi ya chuma, yametapakaa sehemu nyingi. Aidha, udongo wetu mwekundu wenyewe una chuma.

Detekta hutuma nguvu ya sumaku ardhini kupitia sahani yake ya chini, kisha husikiliza metali inavyojibu. Fedha na shaba hutoa mlio wa juu, chuma hutoa mlio wa chini. Lakini msumari ulio kando ya rupia unaweza kuufunika mlio wa rupia, na kizibo kilichooza kutu kinaweza kulia kama sarafu. Sarafu moja kwa kawaida huonekana ikiwa kina chake hakizidi sentimeta 15 hadi 20, na penye takataka kina hicho hupungua.

Anayetumia mashine ya bei nafuu azingatie haya:

- Atumie sahani ndogo, ambayo hutenganisha vizuri vitu vilivyo karibu karibu.
- Apunguze ukali wa mashine. Ukali mkubwa kwenye udongo wa chuma huleta kelele tu.
- Asichuje kupita kiasi. Anayezima milio yote ya chuma huzima na sarafu iliyo jirani.
- Aipeleke sahani polepole, na akisikia mlio mzuri apite tena kwa upande mwingine. Mlio unaosikika upande mmoja tu mara nyingi ni chuma.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afukie senti kumi ya shaba yenye tundu kina cha kiganja, aizungushie misumari mitano, kisha aitafute mbele yako. Akishindwa yeye, na wewe utashindwa.

Thamani halisi

Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ni fedha. Hivyo rupia tatu zina fedha inayozidi kidogo aunsi moja ya gramu 31.1. Shilingi za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, kwa hiyo zinahitajika 16 kufikia aunsi moja. Sikiliza bei ya aunsi katika soko la dunia, gawanya, na utajua kiwango ambacho hupaswi kuuza chini yake. Hela na senti za shaba nyingi ni za bei ndogo.

Ipo pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu, na za bandia zipo nyingi. Usiiweke katika bajeti yako.

Sarafu yoyote usiisugue kwa mchanga, limau wala nyuzi za chuma. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sarafu ambayo haijakwaruzwa.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano. Tuseme detekta, betri na nauli vimegharimu Sh600,000. Tuseme mnunuzi anatoa Sh25,000 kwa rupia, nawe unapata rupia moja kila baada ya siku nne. Siku hizo nne ungeweza kulima kibarua kwa Sh5,000 kwa siku, yaani Sh20,000. Faida yako kwa rupia moja ni Sh5,000 tu. Ili kurudisha fedha ya mashine unahitaji rupia 120, yaani siku 480 za kazi.

Weka bei za kwako mwenyewe, lakini usiache kuhesabu siku zako. Anayetaka kujaribu ni afadhali anunue kwa kikundi, na atafute msimu ambao kahawa na shamba havimhitaji.

Kibanja kwanza

Hasara kubwa zaidi inaweza kuwa ndani ya kibanja. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera, Muleba ikiwemo, mwaka 2005 na 2006, na huenezwa na vifaa vyenye vimelea. Mizizi mingi ya mgomba iko juu juu, hapo hapo sarafu zinapotafutwa. Mtu anayechimba kibanja hadi kibanja kwa sururu ile ile anaikata mizizi na kubeba ugonjwa. Usimruhusu mgeni kuingia na jembe lake. Kama ni wewe, tafuta kwenye rweya au njiani kwa idhini ya mwenye eneo, na safisha vifaa kwa moto au JIK kabla ya kurudi nyumbani.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba kunahitaji kibali. Ukikutana navyo toa taarifa serikalini. Katuruka, vikale vya wafalme na makaburi visiguswe.

Detekta pia haitofautishi rupia na bomu. Novemba 2017, wanafunzi watano wa Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, waliuawa na bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu. Ukiona kitu cha namna hiyo acha kuchimba, weka alama, ita polisi.

Jihadhari na matapeli

Hakuna mashine ya mkononi inayoweza kuona dhahabu umbali wa mita mia. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa bandia vya kutambua mabomu, biashara aliyoianza na kifaa cha kutafutia mipira ya gofu. Irak ilikuwa mnunuzi wake mkubwa. Ikiwa serikali ilitapeliwa, mkulima mmoja hana budi kuwa mwangalifu zaidi. Vivyo hivyo kwa anayekuuzia ramani ya 'mali ya Mjerumani' au rupia 'inayovuta mchele'. Kama angekuwa na hakika nayo, angekwenda kuichimba mwenyewe.

Mwenye nafasi na anayependa historia anaweza kutafuta sarafu na kupata kitoweo cha siku moja moja. Lakini asiuze ng'ombe wala kuweka rehani kahawa iliyo mtini kwa ajili ya detekta.