Foleni Katika Mtandao: Nani Apite Kwanza?

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, yaani EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zile zilizoathirika sana, mawasiliano ya intaneti yalipungua kasi ghafla. Habari zilizozoea kupita katika njia pana zililazimika kujibana katika njia chache zilizosalia. Siku kama ile humkumbusha mtu jambo linalosahauliwa wakati wa neema: uwezo wa njia ya mawasiliano una kikomo, na kikomo hicho kikifikiwa hapana budi wengine watangulie na wengine wasubiri. Ni nani basi atanguliaye, na kwa kanuni gani?

Swali hilo haliamuliwi baharini tu. Huamuliwa kila sekunde ndani ya kijisanduku kiitwacho swichi, ambacho huunganisha kompyuta na simu za shule, hospitali au ofisi.

Pakiti na foleni

Habari haisafiri mtandaoni kama maji ndani ya bomba. Kila barua, picha au sauti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya kule iendako. Katika mitandao ya kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500, yaani biti 12,000. Swichi hupokea pakiti kwa mlango mmoja na kuitoa kwa mwingine. Ikiwa kompyuta ishirini zinapeleka pakiti zao kwa pamoja kwenye mlango mmoja tu utokao nje, mlango huo huelemewa. Pakiti zilizokosa nafasi huwekwa katika kumbukumbu ya swichi zingoje zamu. Hiyo ndiyo foleni; na kumbukumbu ikijaa, pakiti zinazofuata hutupwa.

Aliyewahi kungoja pantoni ya Kigamboni pale Magogoni, Dar es Salaam, aijua hali hii. Magari hayafiki moja moja kwa utaratibu, bali hufika kwa makundi; na chombo huchukua kiasi chake tu.

Elimu ya foleni ilianza kabla ya kompyuta. Mwaka 1909 mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya jinsi simu zinavyoingia kwa nasibu. Kutokana na elimu hiyo, foleni sahili yenye mhudumu mmoja, ambayo wateja wake hufika kwa nasibu na muda wa kuwahudumia pia ni wa nasibu, huelezwa kwa kanuni hii:

M = H ÷ (1 − u)

M ni wastani wa muda ambao mteja hukaa, H ni wastani wa muda wa huduma, na u ni sehemu ya uwezo wa njia inayotumika. Njia ikitumika nusu, M ni 2H. Ikitumika kwa asilimia 90, M ni 10H. Kwa asilimia 99, ni 100H. Hapa pana fundisho kubwa: ucheleweshaji haupandi taratibu kwa kadiri matumizi yanavyoongezeka, bali huruka juu njia inapokaribia kujaa. Ndiyo sababu mtandao uliokuwa mzuri saa tatu asubuhi waweza kukwama saa nne.

Mbona sauti huumia zaidi?

Chukua shule yenye njia ya megabiti 4 kwa sekunde. Pakiti kubwa ya biti 12,000 huchukua milisekunde 3 kutoka. Ikiwa mwanafunzi mmoja anapeleka filamu, na pakiti zake 100 ziko mbele katika foleni, pakiti ya sauti ya simu ya mwalimu itangoja milisekunde 300. Filamu haidhuriki kwa kungoja. Lakini kwa mazungumzo mazuri ya simu, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kinachoshangaza ni kwamba simu hiyo huhitaji takriban kilobiti 80 tu kwa sekunde, yaani asilimia 2 ya njia nzima. Haikukosa nafasi, ilikosa zamu.

Jinsi ya kupanga swichi

Kazi ya kupanga foleni ina hatua nne.

Ya kwanza ni kutia alama. Kiwango cha IEEE kijulikanacho kama 802.1p hutenga biti 3 katika kichwa cha kila fremu, na kwa kuwa 2 × 2 × 2 ni 8, hupatikana ngazi nane za kipaumbele, kuanzia 0 hadi 7. Kwa pakiti za intaneti, utaratibu uliotolewa mwaka 1998 hutumia biti 6, nazo hutoa alama 64. Fundi mwangalifu haziamini alama zinazotoka katika kila kompyuta, kwa maana mjanja mmoja aweza kujipa ngazi ya juu. Huifanya swichi yenyewe itie alama upya kwenye mlango wa kuingilia.

Ya pili ni kuzigawa alama katika foleni. Swichi nyingi zina foleni nne au nane kwa kila mlango.

Ya tatu ni kuchagua kanuni ya kuhudumia. Katika kipaumbele kamili, foleni ya juu humalizwa kwanza, ndipo ya chini iguswe. Sauti hunufaika mno: haingoji zaidi ya ile pakiti moja iliyokwisha kuanza kutoka, yaani milisekunde 3 badala ya 300. Kanuni ya pili ni zamu kwa uzito. Foleni tatu zikipewa uzito wa 5, 3 na 2, njia ya megabiti 4 itagawanywa kuwa megabiti 2, 1.2 na 0.8, na foleni moja ikiwa tupu, fungu lake hutumiwa na nyingine. Lakini kuhesabu pakiti tu hakutoshi, kwa sababu pakiti moja yaweza kuwa ndogo na nyingine kubwa mara ishirini. Mwaka 1995 M. Shreedhar na George Varghese walieleza njia rahisi ya kuhesabu baiti: foleni ambayo pakiti yake ni kubwa kuliko fungu lililobaki huwekewa akiba mpaka zamu ijayo.

Ya nne ni kuweka kikomo. Foleni yenye kipaumbele kamili isipowekewa mpaka, yaweza kuzinyima nyingine zote. Kwa hiyo fundi huruhusu sauti, kwa mfano, megabiti 1 tu, kisha hupima wakati mtandao umejaa, maana mtandao mtupu hauonyeshi kosa.

Je, kumbukumbu kubwa ni dawa?

Wengi hudhani kwamba kuongeza kumbukumbu kutaondoa tatizo. Sivyo. Mwaka 1985 John Nagle alionyesha kwamba hata swichi yenye kumbukumbu isiyo na mwisho hukwama, kwa kuwa pakiti hukaa foleni hadi zikapitwa na wakati. Oktoba 1986, kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta, zisipopata jibu, zilizidi kupeleka upya, na foleni ikazidi kujaa. Dawa aliyoieleza Van Jacobson mwaka 1988 ilikuwa kuwafunza wapelekaji kupunguza mwendo wanapoona dalili za msongamano.

Kipaumbele nacho hakizai uwezo mpya. Leonard Kleinrock alithibitisha kihisabati kwamba, kwa njia isiyokaa bure huku kazi ipo, muda anaopunguziwa mmoja hulipwa na mwingine. Gari la wagonjwa likipishwa Magogoni, pantoni haiongezeki ukubwa. Wenye magari mengine hungoja zaidi kidogo, nao wajua kwa nini.

Hivyo mwenye kupanga swichi hafanyi kazi ya ufundi tu. Akiipa ngazi ya juu kompyuta ya mkuu wa idara kwa sababu ya cheo, simu ya wodi ya wazazi italipa gharama hiyo, wala hakuna atakayeiona foleni hiyo kwa macho. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Katika mtandao uliopangwa kwa haki, apishwaye ni mwenye haraka ya kweli.

Zoezi kwa wanafunzi: Njia ya shule ni megabiti 2 kwa sekunde, na pakiti 50 za biti 12,000 ziko foleni. Pakiti ya sauti inayofika sasa itangoja muda gani pasipo kipaumbele? Na ikiwa na kipaumbele kamili, haitazidi kungoja muda gani?